Ndizi za Mama kwenye Kadi ya Hoteli

Shule ya Msingi, S.L.P. 17,
Chepseon,
Kericho.

12 Julai 1971

Mpendwa dada yangu Phelis,

Pokea salamu nyingi kutoka huku kwetu kwenye baridi. U mzima? Shemeji Gekara anaendeleaje na kazi yake ya bandarini, na yule mtoto aliyekuwa na kikohozi amepona? Sisi huku tunapumua, namshukuru Mungu. Mvua ya mawe ilipiga mahindi mwezi wa tano lakini yamejiinua tena, na shule nimepewa darasa la nne, watoto hamsini na watatu na madawati kumi na manne.

Kifurushi cha dagaa ulichotuma kutoka Mwanza kilifika salama. Mama aliwagawia majirani wote, hata wale waliosema dagaa wananuka.

Sasa, dada, najua Ogeto amekwisha kukuandikia kwamba Baba na Mama walikosana, na kwamba kisa ni ndizi. Ogeto anaandika kama mtu anayepeleka telegramu. Usikasirike na Mama kabla hujasoma barua hii mpaka mwisho, maana nilikuwepo tangu mwanzo, na hasira niliyo nayo nimeibeba wiki tano.

Ilianza kwa nia njema. Ogeto alipandishwa cheo huko kiwandani, sasa ni karani wa kupokea majani ya chai, akasema mshahara wake wa kwanza mpya atauanza kwa wazazi. Unakumbuka Baba alipika katika ile hoteli kubwa ya Kericho miaka kumi na tisa, na Mama katika miaka hiyo yote hakuwahi kupita mlango wa mbele. Alikuwa anasimama kwenye geti la nyuma na nguo za Baba zilizopigwa pasi, anazipokeza, anarudi. Chakula cha hoteli alikijua kwa harufu iliyokuwa kwenye koti la Baba. Ogeto akasema, safari hii Mama ataingia, ataketi, atahudumiwa.

Siku hizi kuna meneja mpya. Yeye ameanzisha jambo la Jumapili moja kwa mwezi, chakula cha mchana cha sahani saba. Hushibi kwa sahani moja. Unaonja hiki, wanaondoa, wanaleta kingine, mpaka saba. Watu hutoka hata Nakuru kuja kuonja. Ogeto akaandikisha majina yetu manne kwa ajili ya Jumapili ya kwanza ya mwezi wa sita.

Baba alivaa ile suti yake ya kijivu, na Mama akavaa gauni la kanisani na kitambaa cheupe cha kichwa. Alikuwa na furaha ya kimya, unamjua. Asubuhi aliniuliza mara mbili kama kucha zake ni safi.

Tulipofika mlangoni, mlinzi alitutazama akasema wageni wa wafanyakazi wanapitia nyuma. Ogeto akamwonyesha karatasi yenye majina yetu. Akaisoma kama mtu anayetafuta kosa, kisha akaenda kumwita meneja. Meneja alikuja akitabasamu, akatusalimia vizuri, halafu akamwambia Mama kwamba kwa sheria ya ukumbi hakuna kuvaa kitu kichwani mezani, kwa hiyo kitambaa kibaki kwa mlinzi.

Mama akamwambia, "Mwanangu, mimi ni mke wa mtu na ninaomba Mungu kabla ya kula. Kichwa changu nitakiacha kwako vipi?"

Nilitazama ndani nikaona bibi mmoja wa Kizungu amevaa kofia ya majani makavu kubwa kama ungo. Nikamwonyesha meneja kwa kidole, mimi mwalimu ninayewakataza watoto kunyoosha kidole. Akaitazama ile kofia. Alitupisha, lakini meza aliyotupa ilikuwa kando ya mlango wa jikoni, pale ambapo kila sahani inayopita inakupulizia mvuke shingoni. Ukumbini kulikuwa na meza tatu tupu karibu na dirisha.

Ningependa kukuambia chakula kilikuwaje, lakini kilikwisha kabla sijakijua. Supu ya vijiko vinne. Kipande cha samaki ambacho wewe huko ziwani ungempa paka. Sahani ya tatu ilikuwa nyama ya nguruwe, na hakuna aliyetuuliza kama sisi Wasabato tunakula. Mama akaisogeza kando taratibu, akakunja mikono. Baba alikuwa anamwonyesha kwa macho kisu cha kushika, na Mama anafuata, na kwa kweli, dada, ukiwatazama wawili wale ungesema wamekula hapo maisha yao yote. Ogeto ndiye aliyenong'ona akiuliza kama kuna ugali.

Aliyetuhudumia alikuwa Chepyegon, Mkipsigis mmoja mtu mzima ambaye Baba ndiye aliyemfundisha kazi. Kila alipoweka sahani aliinama kidogo kwa Baba, na nilifurahi kuona kuna mtu mmoja mle ndani anayejua yeye ni nani.

Ndipo ikaja sahani ya saba. Ilikuwa ndizi mbivu iliyookwa ndani ya jani la mgomba, na asali, na unga wa wimbi juu yake, na kijiko cha maziwa lala pembeni. Chepyegon akasema polepole, "Mzee, tumejaribu kufanya kama ulivyotuonyesha." Ile ndiyo sahani ya Baba, dada, ile iliyoipa hoteli sifa, ile aliyokuwa akiisimulia tukiwa wadogo.

Mama akaniomba nimsomee kadi iliyoandikwa majina ya vyakula, maana ilikuwa ya Kiingereza. Nikasoma kwa sauti. Iliandikwa: Ndizi za Bibi Pelling, kwa mapishi ya ukoo wake yaliyotoka kwa nyanya yake Uingereza.

Bibi Pelling ni yule mke wa meneja wa zamani. Nyanya yake huko Uingereza alipanda mgomba wapi? Kwenye theluji? Maziwa lala aliyagandisha katika kibuyu gani, na wimbi alisaga kwa jiwe gani? Niliisoma mara ya pili nikidhani nimekosea. Sikukosea.

Nikamwita meneja. Nikamwambia kwa adabu kwamba aliyeanzisha chakula hiki ni mzee huyu hapa, na kwamba wafanyakazi wote wanajua.

Akasema, "Bibi, hiyo ni historia ya hoteli. Wageni wanapenda historia."

"Historia ya nani?"

"Mzee alikuwa mpishi," akasema, bado anatabasamu. "Mpishi hupika anachoagizwa."

Nikamgeukia Baba. Nilingoja aseme neno moja tu. Uhuru tumepata karibu miaka minane sasa, na meneja mwenyewe ni Mwafrika mwenzetu, ana umri wa kuwa mtoto wake. Baba akashika kitambaa cha meza akasema, "Asante bwana meneja, chakula kilikuwa kizuri." Machozi yalinijia kwa hasira. Nilimkasirikia Baba kuliko nilivyomkasirikia yule mtu, na Mungu anisamehe.

Lakini sikuwa nimejua la kukasirikia bado. Mama alikuwa anaonja. Alionja kijiko kimoja, akaonja cha pili, akaweka kijiko chini.

"Wimbi halikukaangwa," akasema. "Na hizi ni ndizi zangu."

Ogeto akacheka akidhani ni mzaha. Mama hakucheka. Akaniambia mimi, si Baba, kwamba mwaka ule Ogeto alipougua surua, tukiwa bado Kisii, mtoto alikataa kila kitu, hata uji. Ndipo akachoma ndizi kwenye jani, akaweka asali, akanyunyiza wimbi lililokaangwa ili atafune kidogo, na maziwa lala ya kumpoza koo. Baba alikuwa amekuja likizo. Alikaa pale jikoni akitazama, akaomba aonje, akala sehemu ya mgonjwa. Wewe ulikuwa na miaka saba, dada. Nadhani utakumbuka, maana mimi nilipoambiwa nilikumbuka jani lile jeusi likifunguliwa.

Baba alikuwa anatazama kitambaa cha meza.

Tulipofika nyumbani Mama alivua viatu, akaviweka pamoja, akamuuliza Baba swali moja. "Walipokuuliza umepata wapi mapishi haya, ulisema nini?"

"Hawakuuliza," Baba akasema.

Mama akangoja. Unajua anavyojua kungoja.

"Waliuliza mara moja," Baba akasema. "Memsahib Pelling aliuliza. Nilisema ni akili yangu tu. Wiki ile ndiyo walinifanya mpishi mkuu."

Basi tangu siku hiyo Mama hakumpigia kelele, hakumnyima chakula. Alipika, akapakua, akaweka mezani. Lakini ndizi hakuchoma, na aliacha kumwita Baba Phelis. Alimwita Mpishi. "Umeamkaje, Mpishi." "Maji ya kuoga yako tayari, Mpishi." Wiki tatu, dada. Majirani walidhani ni heshima. Nami nilipojaribu kumtetea Baba kwamba aliyeiba zaidi ni Bibi Pelling, Mama alinijibu kwamba yeye huyo mama wa Kizungu hamjui, hajawahi kulala naye kitanda kimoja wala kumzalia watoto. Anayemjua ni mmoja.

Neno hilo nimekaa nalo darasani, watoto wakiandika, nikijiuliza ni mara ngapi nimejisifu shuleni kwa sahani ya Baba, na sikuwahi kuuliza Mama alikuwa wapi.

Katika wiki ya tatu Baba alipanda basi peke yake akaenda hotelini. Hakutuambia, tulisikia kwa Chepyegon. Alimwomba meneja kadi ibadilishwe, na asiandikwe yeye, bali iandikwe jina la Mama: Ndizi za Nyambeki. Meneja akasema kadi za mwaka mzima zimekwisha kuchapwa. Akaongeza kwamba kuna wanunuzi wa chai wanaokuja kutoka ng'ambo mwezi wa nane, na kwa kuwa wapishi wake wanakosea wimbi, Baba aje siku mbili awafundishe, atapewa na koti jeupe la mpishi. Koti jeupe, dada. Baba akamwambia mwalimu wa chakula hicho si yeye, na kama wanamtaka mwenyewe, waende wamwombe nyumbani kwake, kwa mlango wa mbele. Akarudi. Meneja hajatokea mpaka leo, nami nimemwandikia barua mbili ambazo hajajibu. Ya tatu nimeianza.

Sabato iliyofuata, wakati wa ushuhuda kanisani, Baba alisimama. Unajua hasimami, ni mtu wa kuimba besi na kuketi. Akasema, "Ndugu zangu, miaka ishirini nimesifiwa kwa kitu nilichokichukua jikoni kwa mke wangu. Nilisema ni akili yangu. Ilikuwa yake. Yeye yupo hapa, na sikuwahi kumwambia asante." Hapo akaketi. Wanaume wengine walitazama paa. Wanawake waligeuka wote kumtazama Mama, na Mama alikuwa anafungua kitabu cha nyimbo, akikosa ukurasa, akifungua tena.

Baada ya ibada wanawake hawakutoka mbio kama kawaida yao. Walimzunguka Mama wakitaka kujua, na yeye akawaambia waje Jumapili na majani ya mgomba. Walikuja ishirini na wawili. Chepyegon naye alikuja kutoka Kericho katika siku yake ya mapumziko, akaketi kwenye kigoda katikati ya akina mama, akiandika katika daftari. Mama alimrudisha mara mbili kukaanga wimbi upya. Baba ndiye aliyepasua kuni na kupuliza moto, na alipotaka kuonja kabla ya wakati, Mama alimpiga mkono kwa mwiko.

Jumapili ya kwanza ya mwezi huu ilikuwa tena siku ya sahani saba. Chepyegon ametuambia kwamba kadi ni ile ile, jina ni lile lile. Lakini yeye, kila meza aliyoiwekea sahani ya mwisho, aliinama akasema, "Hizi ni ndizi za Mama Nyambeki wa Chepseon." Meza kumi na moja. Bibi mmoja akamuuliza mbona kadi inasema vingine, akamjibu kwamba kadi haijawahi kufika Chepseon. Nina wasiwasi watamfukuza. Nimemwambia hivyo, akasema kazi ya kubeba sahani anaijua, ataibeba kokote.

Kwa hiyo, dada, mapishi yamo kwenye karatasi ya pili, nimeyaandika Mama akisema neno kwa neno. Huko Mwanza ndizi hazikosekani. Ukimpikia mtu akakuuliza ulijifunza wapi, jibu kwa jina kamili.

Msalimie sana shemeji Gekara, na watoto wote, na yule jirani yako Dorcus aliyetuandikia Krismasi. Baba anakusalimu, amesema ataandika mwenyewe, mpe muda. Ogeto anakusalimu. Mama anasema Mungu akulinde uendako na urudipo, na unga wa wimbi usiuache motoni ukageuza mgongo.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye na ambaye bado nimekasirika,

Yunia Bonareri