Kaa Wasioingia Kapu Lolote

4 Machi

Kitindamimba wangu,

Hujambo? Kifua kimepona? Mimi mzima wa mwili, roho ndiyo haijatulia. Unajua nimechambua kaa bandani miaka ishirini na sita: nampindua, natazama kifuniko cha tumbo, chembamba dume, kipana jike, kila mmoja kapu lake. Sasa napata wasioingia kokote. Kifuniko kipana, chini yake viungo vya dume! Nimewawekea kapu la tatu. Msimamizi anasema macho yamenizeekea, na wanunuzi wakilalamika tena kuwa nakosea kuchambua, nitafute kazi nyingine. Nimekutumia sita ndani ya barafu, uwapime huko maabara. Niambie ukweli, mwanangu: napofuka?

Mama yako

19 Machi

Shikamoo mama,

Kifua kimepona, nakohoa nikicheka tu. Mama, hupofuki! Nimewapasua wote. Watatu wana korodani na ovari ndani ya mwili mmoja. Nilimwita profesa, akakaa nusu saa kwenye darubini, chai yake ikapoa. Kaa wa hivi huzaliwa tangu zamani, mmoja mmoja. Wakiwa wengi mahali pamoja, huenda kitu fulani majini kinavuruga kukua kwao. Sina uhakika bado. Wanavuliwa wapi? Nimeambatisha barua yenye muhuri wa maabara kwamba macho yako ni mazima, mpe msimamizi.

Mwanao

27 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Nimesoma barua yako nikalia, halafu nikaisoma tena nilie vizuri. Wavuvi wanasema wote wanatoka penye mfereji wa karakana ya mashua, ambako mafundi hukwangua rangi kuukuu ikaishia majini. Karakana ni ya bosi wetu, mwenye banda hilihili la kaa.

Jana nilipata mmoja mwenye magando makubwa ya dume, na tumboni kakumbatia mayai. Nikamtia kwenye beseni la maji ya bahari, nikachuchumaa. Alikuwa akiyapepea mayai yake taratibu, hana habari na mimi. Miaka yote hii nikijisifu nawajua kaa, kumbe! Barafu sikuweza kumtia.

Mama yako

2 Aprili

Shikamoo mama,

Usimwue! Mbadilishie maji kila asubuhi, nakuja. Nahitaji kupima maji ya mfereji mwezi baada ya mwezi kabla ya kusema lolote. Lakini mama, tukithibitisha kosa ni la karakana yake, bosi hatakuacha kazini. Sitagusa maji hayo mpaka uniruhusu.

Mwanao

9 Aprili

Mwanangu,

Natumaini u mzima. Msimamizi alimpelekea bosi barua yenye muhuri, naye ameisoma mara mbili. Akasema macho yangu hayana kasoro, kazi ni yangu mpaka nichoke mwenyewe, ila hawa wa kapu la tatu niwachanganye na madume na nifunge mdomo.

Nilitaka kukubali, nisikufiche. Nina miaka hamsini na nane na sijui kazi nyingine. Nikaenda kwenye beseni. Mayai yalikuwa yamepasuka, maji yamejaa vitoto vidogo kuliko punje ya chumvi, vinachezacheza. Vitakuwa nini, wa kuniambia hakuna, hata wewe na darubini yako.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Nimemwambia bosi mbele ya watu kwamba dume nitamwita dume, jike nitamwita jike, na hawa sitawasingizia. Amenifukuza papo hapo.

Njoo Jumamosi na chupa zako. Wachambuzi wenzangu kumi na mmoja wamevua aproni, wanasema kwenye mfereji huo tutakwenda wote.

Mama yako