Tamko Aliloliandika Baba

Jumatatu, 10 Februari 2014

Theluji tena. Makala yangu imetoka! Kurasa kumi na tisa kuhusu gharika, miaka mitatu ya kuandika na kufuta. Nimeinusa karatasi kama mtoto.

Hoja yenyewe wala si kubwa. Lile neno la Kiebrania tunalolisoma "dunia yote" mara nyingi ni nchi tu — nchi fulani, walipokaa watu fulani. Nuhu ni yuleyule, Mungu ni yuleyule. Ila sioni maandiko yakinilazimisha kufunika kwa maji kila mlima ulimwenguni.

Nakala moja nimempelekea Baba. Alifundisha Agano la Kale katika chuo hiki cha kanisa, ninapofundisha mimi sasa, miaka thelathini na minne. Ofisi yangu ilikuwa yake. Kiebrania alinifundisha yeye, nikiwa na miaka tisa, mezani jikoni, Mama akikaanga vitunguu.

Hajapiga simu.

Jumatano, 12 Februari

Amepiga Mama. Baba yako anasoma, amejifungia, hata chakula hataki. Nikauliza, amesema chochote? Amesema nini bwana, kafunga mlango!

Alhamisi, 13 Februari

Nimeitwa na mkuu wa chuo, Dokta Stoddard. Wafadhili wameisoma makala. Wazazi wawili wametishia kuwaondoa watoto wao. Halmashauri ya chuo ina tamko jipya la imani: uumbaji ni siku sita za saa ishirini na nne, na gharika ilifunika dunia nzima, pembe zote. Kila mwalimu atie sahihi kabla ya Ijumaa ya wiki ijayo. Asiyetia ataitwa mbele ya halmashauri.

"Na baada ya kuitwa?"

"Dada Corinne, tusifike huko."

Nikamwambia nayaamini maandiko kama anavyoyaamini yeye.

"Basi tia sahihi! Si dakika moja tu?"

Alisema kwa upole. Heri angefoka.

Jumamosi, 15 Februari

Leo ndiyo nimelisoma tamko lote, polepole, na kahawa. Aya ya pili: "pasipo kusitasita wala kuona haya".

Kikombe nilikiweka chini.

Hayo ni maneno ya Baba. Kila jioni, kwenye sala ya chakula — tukuungame pasipo kusitasita wala kuona haya. Sisi watoto tulikuwa tunayafuatisha kwa midomo.

Nikapiga.

"Ni wewe umeandika hili, Baba?"

"Waliniomba."

"Kabla hujaisoma makala yangu, au baada?"

"Baada."

Nimemkatia simu. Miaka arobaini na mitatu, sijawahi kumkatia Baba simu.

Jumapili, 16 Februari

Nimekwenda kanisani. Benchi zima peke yangu. Bi Eunice, aliyenifundisha shule ya Jumapili, alinishika mkono kwa mikono yake miwili akasema tunakuombea, mwanangu — kwa sauti ile ya kumpa mtu pole ya msiba.

Chakula kwenye ukumbi ulio chini ya kanisa, kama kawaida: mchuzi wa maharage na nyama, na mikate ya mdalasini. Mmoja wa wakulima akanipigia kelele toka meza ya pili: "Corinne! Kwa Nuhu wako mvua ilinyesha wilaya ngapi?" Wakacheka wote. Nami nikacheka! Kisha nikaenda chooni nikalia, maji ya bomba nimeyafungulia yasikike yenyewe, si mimi.

Baba aliniona natoka, macho mekundu. Akageuka kujimiminia kahawa.

Jumatatu, 17 Februari

Wanafunzi wa Kiebrania ni kumi na wawili. Leo watano. Hakuna aliyeuliza swali.

Alhamisi, 20 Februari

Baba amekuja. Saa nane mchana, peke yake, kaendesha gari kwenye barafu na miaka yake sabini na minane. Hakuvua koti. Alikaa ukingoni mwa kiti kama mgeni.

"Tia sahihi, mwanangu."

"Nitakuwa nasema uongo."

"Ni karatasi. Moyoni baki na lako."

"Baba! Wewe ndiye uliyenifundisha tusiyasingizie maandiko!"

Akainamia magoti yake. Nilidhani anaomba.

"Niliona," akasema.

"Uliona nini?"

"Lile neno. Mwaka wa themanini na moja. Nilipitia kila mahali linapotokea, nikaandika kurasa arobaini. Nikazichoma kwenye pipa nyuma ya nyumba."

Nikamuuliza kwa nini.

"Mlikuwa watoto watano, Kori. Nyumba ilikuwa ya chuo. Na mama yako... mama yako anaamini kila neno nililowahi kulisema mimbarini."

Halafu — hapa ndipo roho yangu ilipopasuka — akatoa makala yangu mfukoni. Ina alama za penseli kila ukurasa. Akapanguza miwani.

"Hukuitaja njaa ya wakati wa Yusufu. Inasemwa dunia yote ilikwenda Misri kununua nafaka, kwa neno lilelile. Dunia yote gani? Hoja yako yote ingesimama juu ya hilo."

Uso wake ulikuwa unang'aa! Kwa dakika moja tulikuwa tena jikoni, vichwa vimeinama juu ya kitabu kimoja. Ni hoja bora kuliko zangu zote. Amekaa nayo miaka thelathini na mitatu.

Nikamwomba: waambie halmashauri kesho. Hilo tu. Sema uliona.

Akaikunja makala, akairudisha mfukoni. Amekwenda bila kunywa chochote.

Sina hasira. Ningekuwa na hasira ningepata pa kushika.

Ijumaa, 21 Februari

Saa nne asubuhi. Naandika kwenye kiti cha korido, nje ya chumba cha halmashauri. Sikutia sahihi.

Baba yumo ndani. Wamemwita aanze yeye, kama mzee wa chuo. Mlango ni mwembamba. Stoddard amemuuliza kwa heshima kama katika miaka yake yote amewahi kuona shaka juu ya jambo hili.

"Hata siku moja," Baba amesema.

Hakuvuta hata pumzi kabla ya kujibu.

Naendelea kuandika.

Mlango. Ametoka. Ameketi karibu yangu, bega kwa bega. Amenishika mkono wa koti.

"Kori. Lile la jana..."

Namsubiri amalize: nimsamehe, au nisiwaambie?

"Lile la jana, mwanangu..."

Stoddard amesimama mlangoni, anasema karibu, Dada Corinne, tuko tayari. Ameniita mara mbili sasa. Baba hajaliachia koti langu.