Filamu ya Kichina na Duka Nisilokuwa Nalo

Jumapili, jioni. Mvua inatishia tangu asubuhi na hainyeshi. Imebaki kuning'inia huko upande wa Jangwani na kutuachia joto tu. Nimeosha vyombo ambavyo vilikuwa visafi. Nimekaa, nimesimama, nimekaa tena. Acha niandike, huenda mwili ukatulia.

Wa kulaumiwa ni Bi Hansa. Huyu ni mwalimu mstaafu, Mhindi wa Kisutu, mteja wangu wa siku nyingi; mikoba yake yote nimemchagulia mimi. Yeye na wenzake wana klabu yao ya filamu, wanakutana Jumapili alasiri kwenye ukumbi mmoja ghorofani, wakimaliza wanakunywa chai na kujadili. Alishanikaribisha mara nne, leo nikaona aibu kukataa tena. Akaniambia ni ya Kichina, ya kuchekesha. Nikajua ni yale mateke, watu wanaruka juu ya mapaa.

Kumbe hakuna hata kofi.

Ni kijana anayepeleka vifurushi kwa pikipiki katika jiji kubwa la huko kwao. Nyumbani amewaambia yeye ni meneja na anaishi ghorofa ya ishirini. Mama yake anafunga safari kuja kuona. Kijana anahaha, mwisho anamwomba rafiki yake, dalali, amwazime nyumba ya maonyesho, ile inayopambwa ili wanunuzi waitazame. Ukumbi mzima ulikufa kwa kicheko. Televisheni ni boksi tupu, vitabu ni majalada matupu, matunda ya mezani ni ya plastiki na mjomba aliyekuja na mama anayang'ata.

Mimi sikucheka. 

Sababu ni hii, na sijawahi kuiandika hapa. Mimi ni winga. Kwa asiyeijua Kariakoo: winga hana duka. Anasimama barabarani, anamdaka mteja, anamwambia "twende dukani kwetu", anampeleka kwenye duka la mtu, na mteja akinunua winga anapata cha juu, ile pesa aliyoongeza kwenye bei ya mwenye duka. Ni kazi halali, nina miguu inayouma kuthibitisha.

Lakini mama yangu, huko Kilwa, anajua nina duka.

Ilianza kidogo tu. Siku moja alipiga simu ya video nikiwa nimeingia kukwepa jua kwenye duka la mikoba la Mama Nasra, ninakopeleka wateja. Akaona mikoba imepangwa nyuma yangu hadi darini, akapiga kigelegele. Ningesema nini jamani? Mdomo ukishazoea kusema "dukani kwetu" kutwa nzima unajisemea wenyewe. Nikasema, ndiyo mama, duka lenyewe ndilo hili. Huu ni mwaka wa tatu.

Na Alhamisi anakuja. Anakuja na ubani wake, afukize duka la mwanawe na kulisomea dua.

Mungu anisamehe, nilishapanga kila kitu. Mama Nasra, mwenye duka, amekubali kunipisha saa mbili, ajifanye ameenda benki. Wauzaji wake wawili wameambiwa waniite bosi. Tulicheka hadi machozi. Eti Mama Nasra alitaka nimkaripie mmoja wao mbele ya mama, inoge.

Sasa kule kwenye filamu, mama wa yule kijana anaingia jikoni kuosha vikombe. Anafungua bomba. Kimya. Anafungua la pili, kimya. Anachungulia chini ya sinki, hakuna hata mpira wa maji. Mwanawe yuko sebuleni anamsimulia mjomba habari za ofisini, hana habari. Yule mama anayafunga mabomba polepole, anafuta kikombe kwa upindo wa nguo yake, anarudi sebuleni na kusema, mwanangu, jiko lako ni zuri. Anasema hivyo anatabasamu. Na habari imeishia hapo, hayataji mabomba tena mpaka anapanda treni kurudi kwao.

Nilitaka kutoka. Nilikuwa katikati ya mstari, watu pande zote.

Kwenye chai kijana mmoja akasema yule mama ndiye shujaa. Wengine wakasema ni mjinga. Bi Hansa akanigeukia mbele ya wote: "Na wewe Zuhura, mwenye duka, unaonaje?" Kha! Hata huyu nimemdanganya. Nikasema filamu ni nzuri sana, samahani mwalimu, nawahi kufunga duka.

Nimesema hivyo kweli. Dakika tano baada ya filamu ile.

Nimerudi kwa miguu, Msimbazi yote, nikiwapita mawinga wenzangu bila salamu. Miaka yote nimeogopa mama asije akagundua. Leo naogopa asije akagundua halafu akanyamaza, akanisifia rafu za Mama Nasra, nikaishi bila kujua anajua nini. Hilo sitaliweza.

Nilimpigia kabla hata sijavua baibui. Shikamoo mama, marahaba, nikamwaga yote kwa pumzi moja: duka si langu, halijawahi kuwa langu, na Alhamisi tulikupangia mchezo.

 Mama akasema:

"Kwa hiyo unasimama barabarani."

"Ndiyo, mama."

"Juani."

"Juani, mama."

Nilikuwa tayari kwa matusi. Nilikuwa tayari kwa kilio pia. Akaongea polepole, kama anayeuliza bei: "Wateja unawadanganya upate riziki. Mimi mama yako ulinidanganya upate nini?"

Mimi, ambaye nimewahi kumuuzia mkoba mtu aliyekuja kununua sufuria, nikalia.   Akaniacha nilie mpaka nikamaliza, akasema, "Alhamisi nakuja hapohapo unaposimama. Unipe jibu." Akakata.

Leo ni Jumapili. Nina siku tatu, na majibu yote yanayonijia ni ya kumwambia mteja.