Kwa Wakili Aliyewafundisha Watoto Kusema "Sijaelewa"

Mwaka umetimia sasa tangu ututoke, mdogo wangu, na hasira bado hazijatuisha. Mkeo alikuwa ameandika tangazo la upole, lenye maneno ya kulala pema. Nikalisoma, nikalikunja, nikamwambia, "Wifi, hili tutalitoa mwakani." Hakubisha. Kwa hiyo anayeandika ni mimi, dada yako mkubwa, kwa niaba ya nyumba nzima, na gazeti wakinipunguzia maneno nitawafuata dirishani kwao.

Kwa wasiokujua, ulikuwa wakili wa watoto walioshtakiwa. Walioiba, waliosingiziwa kuiba, waliopigana, waliokutwa mahali wasipotakiwa. Watu walikuita Wakili wa Watukutu, na wengine hawakuwa wanatania. Jirani yetu mwenye duka alikuuliza mbele ya wateja wake, "Hivi wewe unalalaje, na kazi yako ni kuwatoa wezi ndani?" Ukamjibu, "Nalala chali." Yule bwana hakukusamehe mpaka unakufa, na mimi sijamsamehe yeye.

Ulikuwa huzungumzi na mtoto ukiwa umesimama. Ulipiga goti mbele yake pale kwenye korido ya mahakama, kwenye benchi refu chini ya feni isiyozunguka, mpaka macho yenu yakawa sawa. Ndiyo maana suruali zako zote za suti zilikwisha magotini. Mimi fundi cherehani nilizitia viraka kwa ndani, nikakwambia, "Wenzako wanavaa suti, wewe unavaa viraka vyangu." Ulicheka, kisha ukaniletea nyingine.

Na kila mtoto ulimfundisha neno moja kabla ya kuingia ndani. Ulisema mtoto akiogopa hujibu "ndiyo" kwa kila kitu, ilimradi aondoke mahali pale. Anasomewa shtaka refu kama treni, ndiyo. Anaulizwa kama anakubali kosa, ndiyo. Na hiyo "ndiyo" ya woga inampeleka shule ya kurekebisha tabia mpaka atimize miaka kumi na minane. Basi uliwafanyisha mazoezi palepale kwenye benchi. "Ukipotea katikati unasema nini?" "Sijaelewa." "Sema kwa sauti, hakimu ni mtu mzima."

Hakimu huyo ulimchosha roho. Siku moja alikuuliza, "Wakili, hapa tunaendesha mahakama au chekechea?" Ukamwambia, "Leo vyote viwili, Mheshimiwa." Ulitusimulia hayo mezani huku umejawa na raha, mkono kwenye kibakuli cha chumvi uliyokatazwa.

Nyumbani nako hukutupumzisha. Mtu akikuitikia haraka ulimwambia, "Haya, nieleze wewe sasa nilichosema." Mkeo anakumbuka kwamba hata siku ulipomposa, alipokubali, ulimuuliza kama ameelewa vizuri alichoulizwa. Anasema alikuwa ameelewa nusu.

Sasa nije kwenye hasira yangu na wewe mwenyewe. Daktari alikuweka chini, akakueleza habari ya presha yako, dawa za kila siku, na kazi za kupunguza. Alikueleza kwa lugha nyepesi, mimi nilikuwepo. Ukatikisa kichwa kama mwanafunzi bora: "Nimeelewa, daktari." Ukatoka pale moja kwa moja kwenda mahakamani. Watoto wa watu uliwafundisha kutoogopa kusema hawajaelewa, na wewe ukadanganya kwa kusema umeelewa. Hilo linaniuma kuliko kifo chenyewe.

Ulianguka kwenye korido ileile, umepiga goti mbele ya binti. Alikuwa na miaka kumi na mitano, binti wa kazi za ndani, na asubuhi hiyo ndiyo alikuwa asomewe shtaka la kuchoma stoo ya mwajiri wake kwa makusudi. Wewe ulikuwa umekwenda ukaiona stoo. Moto ulianzia kwenye swichi ambayo kila mtu katika nyumba ile aliijua kwa kurusha cheche. Mwajiri aliona ni rahisi kumpata binti kuliko kumpata fundi umeme. Binti alikushika mkono mpaka walipokuja kukubeba, halafu askari wakamrudisha mahabusu ya watoto.

Tukakuzika. Mwenzako wa ofisi, ambaye jina lake siliandiki kwa kuwa anajijua, alisimama mbele ya watu akalia, akasema umeacha pengo lisilozibika. Mama alimshika mkono kwa shukrani. Kesi zako alizichukua yeye. Ya binti iliahirishwa, ikaahirishwa tena, kwa sababu wakili alikuwa na udhuru. Mara ana semina, mara gari limemharibikia. Mtoto yuko ndani, na mwenye machozi yuko semina. Pengo halizibiki kweli, ikiwa aliyepewa kuliziba hata hafiki.

Tulijua hayo siku shangazi yake binti alipokuja kubisha hodi. Alisema wakili hatimaye amefika kumwona mtoto, akiwa amesimama mlangoni na ufunguo wa gari mkononi, akamwambia, "Kubali tu, binti, yaishe. Ukikubali hakimu atakuonea huruma. Ukikataa utazeekea humu." Mkeo alimpigia simu palepale. Yule bwana akasema kwa sauti ya kubembeleza, "Shemeji, sheria ina mambo mengi, hutaelewa." Mkeo akakata simu. Ndiyo mara ya kwanza nimemsikia akitukana, na alitukana vizuri.

Siku ya shtaka tulikwenda mimi na yeye. Mahakama ya watoto milango hufungwa, hivyo shangazi aliingia na sisi tukabaki kwenye benchi. Alipotoka alitusimulia hivi. Shtaka lilisomwa kwa maneno yake yote marefu. Hakimu akauliza, "Unakubali au unakataa?" Mwenzako akamtikisia binti kichwa, kwamba akubali. Binti akatazama miguu yake, akasema, "Sijaelewa."

Hakimu akarudia maneno yaleyale, ila kwa sauti kubwa zaidi.

"Sijaelewa."

Mwenzako akainuka. "Mheshimiwa, mteja wangu ameelewa, ni woga tu."

"Kaa chini, wakili," hakimu akasema. "Hilo neno nalijua lilikotoka." Akavua miwani, akainama kidogo juu ya meza yake. "Binti. Wanasema uliiwasha moto stoo kwa kutaka. Uliiwasha?"

"Hapo nimeelewa," akasema. "Sikuiwasha."

Ikaandikwa amekana shtaka, na jioni ile akaachiwa akae kwa shangazi yake mpaka kesi isikilizwe. Mwenzako alipita mbele yetu kwenye korido akiangalia simu yake. Nilimuaga kwa maneno ambayo gazeti haliwezi kuyachapa.

Kesi sasa anayo yule mama wakili wa ofisi ya jirani, uliyekuwa ukigombana naye kila asubuhi juu ya maegesho. Anasema bado anaamini ile nafasi ilikuwa yake. Lakini amekwenda kuiona swichi, na siku ya kuongea na binti alivua viatu, akapiga goti.

Kesi itasikilizwa siku hiihii ya kumbukumbu yako. Binti anaweza kurudi kwa shangazi yake, au anaweza kupelekwa mbali mpaka ujana wake uishe. Mwenzako ametutumia ujumbe akiuliza ibada ni saa ngapi, maana chama cha mawakili kimeandaa shada na yeye ana maneno machache ya kusema. Jibu letu ni hili: asubuhi hatutakuwa kaburini. Tutakuwa kwenye benchi la korido, familia nzima, kuanzia mlango unapofunguliwa. Anayetaka kukukumbuka aje tubanane. Mwenye hotuba abaki nayo kwake. Kaburini tutakuja jioni, kukuletea habari, iwe njema au mbaya.

Unakumbukwa na mama yako, ambaye bado anakuwekea kiti mezani, mkeo, watoto wako wawili, wanaowachosha walimu wao kama ulivyomchosha hakimu, mimi dada yako, mwenye suruali yako moja ambayo sijaimaliza, wadogo zako na shemeji zako wote, na binti mmoja ambaye sheria hairuhusu jina lake liandikwe, aliyeomba awekwe hapa pamoja na ndugu.

Watu wanatuambia tupoe sasa, tukubali, mwaka umepita, muda utatusahaulisha. Wote tumewajibu kwa neno lako. Hatujaelewa.