Beji ya Kuhoji Watu

4 Machi

Baba, shikamoo. Mama naye shikamoo yake. Goti linaendeleaje? Mimi mzima, nasoma mpaka macho yanawasha.

Nimepata beji, baba! Si ya kubandika kifuani, ni ya mtandaoni. Chuo kimethibitisha kwamba najua kuhoji watu na kuchambua maneno yao. Kiungo kiko chini ya ujumbe huu. Ukikibofya utaona picha yangu na utafiti wangu wote, pamoja na sauti za niliowahoji, ili mwajiri ajue sibahatishi. Majina nimeficha, kama tulivyofundishwa.

Mwanao

9 Machi

Mwanangu, marahaba. Goti la mama yako linalalamika kuliko mwenyewe.

Weee! Nimetamba mpaka nimekera watu. Hapa kazini machinjio yote yanajua nina mtafiti. Mimi huko ndani sikuingia, nitaelewa nini? Picha yako ilinitosha. Hata mkuu wa walinzi nilimpa simu: "Mwone binti yangu!" Akasikiliza kwa makini, akaomba nimtumie. Nikamtumia.

Baba yako

13 Machi

Mwanangu, sikungoja jibu lako.

Wamempiga ba'mdogo wako mchuna ngozi, yule rafiki yangu mwenye kigugumizi. Walimtoa kwenye foleni ya kunawa. Mkuu wa walinzi akamvunja mbavu kwa rungu, wenzake wakamkanyaga vidole kwa buti huku wakimwigiza: "Se-se-sema tena!" Damu yake ikachanganyika na ya ng'ombe sakafuni. Sisi tumesimama na visu mkononi, hakuna aliyethubutu. Hata mimi.

Ulimhoji nini?

Baba yako

14 Machi

Shikamoo baba. Nimelia mpaka sauti imenikauka.

Aliniambia alivyomwona mkuu wa walinzi akimuua kibarua kwa rungu, kisha wakatangaza kwamba kaanguka. Nilimwapia siri, hata wewe usijue. Jina nikalificha, kigugumizi nikakiacha! Mjinga gani mimi?

Nimefuta kila kitu, na nakala zote, wasipate sababu ya kumrudia. Niombee msamaha kwake, baba.

Mwanao

25 Machi

Mwanangu, marahaba. Huo msamaha sikuwahi kumfikishia.

Walimfuata kwake. Walivunja mlango, wakampiga mbele ya mkewe mpaka akanyamaza. Tumemzika jana. Mpelelezi amekuja, anataka ile sauti inayomtaja mkuu wa walinzi. Nikamwambia imefutwa. Akasema basi, hana shahidi, maana mkewe na sisi sote tunaogopa kusema.

Usije huku. Sura yako wanayo, na mimi ndiye niliyewapa. Nakukataza kama baba.

Baba yako

27 Machi

Baba, shikamoo. Mama asiambiwe kwanza.

Sauti imepotea, ila mimi nilikaa mbele yake nikamsikia neno kwa neno. Nimeongea na mpelelezi, naandikisha maelezo Jumatatu asubuhi. Naogopa, baba, nisikudanganye. Lakini yule mtu aliniamini, na mkewe nitamtazama kwa jicho gani?

Usije kunipokea stendi, watakufuata. Sijawahi kukukaidi. Kwa hili nisamehe.

Mwanao

2 Aprili

Mwanangu, hujambo?

Mpelelezi anasema hakukuona. Stendi nilikwenda, nisingeweza kukaa nyumbani. Gari lako lilifika. Kondakta anasema ulishuka kituo cha nyuma na wanaume wawili waliokuita kwa jina.

Mama yako nimemwambia.

Nijibu hata neno moja.

Baba yako