Bodi Imepanda Bei, Harusi Imo Ndani

Mwabungo,
S.L.P. 73,
Ukunda.

10 Mei 2026

Mpendwa mdogo wangu Swabir,

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Ni matumaini yangu kwamba barua hii itakukuta mzima, na kwamba joto la Maskati halijakumaliza. Je, kifua kimepoa? Mwezi uliopita mama alikusikia ukikohoa kwenye simu, na tangu siku hiyo ananiuliza kila asubuhi kama umepata mtu wa kukuchemshia tangawizi. Sisi huku hatujambo kwa uwezo wake Mola. Mama anaendelea kugombana na magoti yake, mkeo Mwanapili hajambo na mahamri yake yanakwisha kabla jua halijapanda, na mvua ya masika imetunyeshea mpaka mihogo mingine imeozea shambani. Mimi ni mzima wa mwili. Roho ndiyo iliyochoka, na sasa hivi utajua kwa nini.

Utashangaa kuona barua na simu ipo. Nimeandika kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi. Nikianza kueleza unanikata, "Dada, nunua tu mpya, vitu hivyo vinashuka bei kila siku," kisha mtandao unapotea. Karatasi haipotezi mtandao. Jirani yetu Fauzia anasafiri Alhamisi kwenda kumtembelea mumewe huko, nami nimemwambia akukabidhi mkononi, pamoja na chupa ya achari ya ndimu. Usiifungue achari kabla hujamaliza kusoma.

Kwanza acha nilijibu lile neno lako la Ijumaa. Umeandika kwamba unaona tumeamua kukuficha harusi ya mwanao. Swabir, neno hilo limeniuma, na limemuuma Mwanarusi mwenyewe zaidi. Anasema siku hizi akikupigia unamjibu maneno mawili, unaaga. Anadhani umemkasirikia kwa kuolewa wewe hupo. Sisi sote tunajua kwamba tajiri wako alikunyima ruhusa na kwamba siku ya harusi ilikuwa imeshatangazwa. Na mimi ndiye niliyekuahidi, mbele ya mama, kwamba utaiona harusi kwa video. Ahadi sijaisahau. Video ipo. Imo ndani ya kompyuta yangu, na kompyuta yangu imekufa.

Ilikufa wiki moja baada ya harusi, nilipokuwa nimeshaingiza kila kitu na kuzifuta kadi za kamera. Umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo, mashine ikatoa harufu ya kuungua na kimya. Mama alisema ni jicho la watu, akaifukiza ubani. Basi ikabaki imekufa, ila inanukia vizuri.

Niliipeleka Ukunda kwa Hesbon, yule fundi kijana kutoka bara. Akaifungua, akaipuliza vumbi, akatikisa kichwa. "Mathe, diski iko sawa, vitu zako zote ziko ndani. Lakini madabodi imeungua, na hii aina hawatengenezi siku hizi." Madabodi, kama hujui, ni ile bodi kubwa ambayo kila kitu cha kompyuta huchomekwa juu yake. Ikifa hiyo, vilivyobaki ni vyuma. Na bodi mpya haikubali prosesa ya zamani, ile chipu inayofanya hesabu zote, kwa hivyo ni lazima zinunuliwe zote mbili.

Ndipo uliponiambia nimpe Hesbon hiyo diski, aikate na kuiunga video yeye, akutumie. Ewe Swabir, umekaa nje miaka mingapi hata ukasahau kwenu? Ile ni siku ya kupamba! Wanaume hawakukanyaga hata uani. Simu zote zilikusanywa mlangoni ndani ya beseni, na kamera ilikuwa moja tu, hii yangu. Mle ndani wamo wake za watu wamevua mabuibui, nywele wazi, wamejiachia wanacheza. Wananiita mimi kwenye harusi zao kwa sababu wanajua kwamba picha zao haziguswi na mwanamume. Duka la Hesbon halina hata pazia, na kioo cha kompyuta yake kimeelekea barabarani. Ile ni amana, na hata wewe sitakupa yote. Nitakukatia mwanao, mkeo, mama na mimi. Hao wengine utasikia vigelegele vyao tu. Kazi hiyo inamtaka mwanamke anayejua nani ni nani kwako, na mwenye kamera katika ukoo huu ni mmoja.

Usiniambie niazime kompyuta pia. Niliazima laptopu ya Fauzia anayotungia mitihani. Iliitazama ile diski, ikakoroma kidogo, ikazimika moja kwa moja.

Basi nikaamua kununua, na hapo ndipo nilipojiponza. Nilinunua kama tunavyojenga nyumba. Wewe nyumba yako hapa umeijenga hivyo hivyo, mwaka huu mawe, mwaka ujao saruji, mabati Mungu akijalia. Mawe yako yalikaa uwanjani mpaka mbuzi wa jirani wakayafanya kitanda, na siku fundi alipokuja yalikuwa mawe yale yale. Nami mwezi wa Shaabani nilinunua prosesa peke yake kwenye duka la vipuri hapo Ukunda, nikaifunga kwenye kanga, nikaiweka kabatini. Nikasema bodi itafuata baada ya Idi. Hesbon alinionya nichukue vyote pamoja. Nikamwambia vijana wa bara hawana subira, haba na haba hujaza kibaba.

Kibaba kilichojaa ni cha mwenye duka. Baada ya Idi nilirudi na pesa kamili, bodi ya elfu kumi na tano imekuwa elfu ishirini na mbili. Nikauza mabeberu wangu wawili, nikarudi, imekuwa elfu thelathini. Nikamuuliza mwenye duka ni kwa nini. Akasema dola. Nikamwambia dola nimeisikia redioni jana, haikupanda. Akasema basi ni ushuru. Kisha ikawa ni meli. Mwisho akaniambia ni hii akili mnemba, ati makampuni makubwa huko ng'ambo yanazinunua chipu zote kuilisha. Haya, na kama ina akili, mbona haijui kushiba? Sisi tuna harusi chache tu za kukata.

Nikarudi mara ya tatu na pesa nilizozikopa kwenye chama chetu cha akina mama. Bodi za aina ile zimekwisha! Zilizoletwa ni za kizazi kipya, hazitaki prosesa yangu, zinataka nyingine, na zinataka pia vijiti vingine vya kumbukumbu ambavyo viwili tu ni bei ya mbuzi wa Idi, tena mbuzi mwenye pembe. Prosesa ya Shaabani imekataliwa na bodi ya mwezi huu wa Mfungo Pili. Mimi nimezaliwa kwa waashi, Swabir, na sijapata kuona jiwe la mwaka juzi likakataliwa na saruji ya mwaka huu.

Nikamwambia mwenye duka basi aipokee tena prosesa yake, ni mpya, haijachomekwa popote. Akaniambia atanipa nusu, kwa sababu imepitwa na wakati. Imepitwa lini? Ilikuwa kabatini kwangu ndani ya kanga, haikutoka hata kwenda sokoni! Nilipandisha sauti mpaka watu wakasimama mlangoni. Hesbon ndiye aliyekuja kunishika mkono, akaninunulia soda, akaniambia, "Mathe, hata sisi mafundi tunalia. Mtu analeta mashine Jumatatu, nikimpigia Ijumaa bei ni ingine, ananiita mwizi." Nikamwonea huruma, na soda nikainywa, lakini hasira haikushuka hata kidogo.

Wateja nao hawanihurumii. Wako maarusi wawili wengine ambao video zao zimo humo humo. Mmoja ameshashika mimba, na nahofia ataitazama harusi yake na mtoto mgongoni. Mama zao wakikutana nami njiani hawanisalimu, wananiuliza tu kama mashine imefufuka.

Kwa hivyo nina ombi moja, na si pesa. Pesa zako zimalizie mlango wa nyumba yako. Nitafutie bodi huko Maskati, hii aina ya kizazi kilichopita, inayoikubali prosesa niliyo nayo. Hesbon anasema huenda maduka ya huko bado yanazo. Jina na namba ya bodi hiyo nimezibandika kwenye kifuniko cha chupa ya achari ili usizipoteze. Ukiipata, mpe Fauzia arudi nayo. Usikubali kuuziwa inayofanana. Nimechoka na vinavyofanana.

Sasa nikwambie jambo ambalo nilikusudia ulione, siyo ulisome. Nilikuwa nikilingoja, lakini ngoja ngoja huumiza matumbo, na kwa neno lako la Ijumaa naona tumeumia sote.

Siku ile ya kupamba, Mwanarusi alikaa kwenye kiti chake akiwa na maua ya vilua kichwani na ile saa uliyomletea likizo iliyopita. Kila mtu alimwambia aivue, haiendani na dhahabu. Akakataa. Ngoma ilipopumzika, aliniita kwa kidole. Nikadhani anataka maji. Akasema, "Shangazi, nisogelee na hiyo kamera. Hii ni ya baba." Nikasogea. Akajiweka sawa, akaitazama kamera moja kwa moja, akasema, "Shikamoo baba."

Kisha akanyamaza. Alikuwa anangoja, Swabir. Aliacha nafasi ya wewe kuitikia, na wanawake wote walifahamu; simu zilikuwa mlangoni ndani ya beseni, hakuna iliyosikika, na hata mtoto hakulia. Mimi nilikuwa nimeishika kamera, na salamu haikuwa yangu, sikuweza kuiitikia. Mama alikuwa amefunika mdomo kwa leso. Mwanarusi akangoja kiasi cha mtu kusema marahaba na kuongeza dua fupi. Halafu akainamisha kichwa kidogo kama mtu aliyejibiwa, akasema, "Ahsante baba," na akawaashiria wapiga ngoma waendelee.

Huyo ndiye mtoto unayemjibu maneno mawili. Sehemu hiyo sitaikata hata nukta. Ule ukimya nitauacha mrefu vile vile ulivyokuwa, kwa sababu ni wako. Video itakufikia siku bodi itakapopatikana, lakini salamu ya mtoto haifai kungojea bei. Ukifika hapa, itikia. Itikia kwa sauti, hata kama wenzako wa chumbani watakucheka. Kisha mpigie mwanao.

Mama anakusalimu sana na anakukumbusha tangawizi. Mwanapili anakusalimu, na ana maneno yake mwenyewe ambayo hakutaka niyaandike. Mwanarusi na mumewe Mbarak wanakuamkia. Hesbon naye amesema nimsalimie "bro wa Oman", basi pokea. Msalimie mume wa Fauzia, na mwambie mkewe amemnyamazia kuhusu ile laptopu.

Mwenyezi Mungu akulinde na jua, akupe tajiri mwenye huruma, na akurudishe kwetu salama mwenyewe, siyo kwa kioo.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata nikiwa nimenuna,

Twaiba