Jeshi Lile Linakula Nini?

Jumapili ya mwisho ya mwezi wa kumi. Leo natimiza mwaka na miezi minane tangu nitoke Mwimbi kuja huku kukata miwa.

Mpendwa mwanangu Veneranda,

Nina hasira nawe. Nimeianza hadithi yako.

Siku naondoka ulinitilia kitabu chake cha kwanza begini, umekifunga kwa kipande cha khanga ya mama yako. Nikakiacha humo humo. Niliona unanionea. Baba wa darasa la nne, mikono imejaa masizi ya miwa, asome vitabu kumi? Tena vya zamani, vyenye ramani ya milima isiyofikiwa na basi lolote?

Ndipo ukatuma ujumbe kwa simu ya shangazi yako: “Baba, nimemaliza cha tisa. Cha kumi tutakifungua wote. Mama nikimsimulia anasinzia.” Nikafungua kwa aibu.

Sasa nikuulize. Kurasa sitini watu wanatembea tu! Jeshi zima linavuka milima, hakuna hata mmoja mwenye jembe. Wanakula nini? Nani aliwalimia ulezi? Mfalme anasifiwa kwa kuinua upanga mara moja. Mimi nainua panga tangu alfajiri, sijaona wa kunitungia wimbo. Wenzangu chumbani wakanicheka: “Mfipa, umerudi darasa la kwanza?” Nikawasomea ukurasa mmoja ili wanyamaze. Sasa kila Jumapili wananidai: “Mzee, endelea! Yule farasi ndiyo kaachwa mtoni?” Sipumziki tena.

Nakumbuka ule mwaka tulipolima matuta ya ntumba kule juu. Mimi nafukia majani chini ya udongo, wewe umesimama na jembe begani, unanisimulia mazimwi. Nikakufokea, “Hadithi haifukii majani!” Ukanijibu bila kupepesa, “Baba, majani si tunafukia leo tule ulezi mwakani? Kitabu cha kwanza ndiyo majani.” Niligeukia upande wa pili usinione nacheka.

Mama yako anasema parokia wanataka sanduku lao la vitabu hivyo kumi lirudi kabla ya Pasaka. Hicho cha kumi ungekimaliza peke yako kwa siku mbili. Lakini umekaa unanisubiri. Hilo ndilo lililonichoma kuliko yote, kwa sababu nilishazoea kusubiriwa na msimamizi tu. Juzi ameniomba nibaki msimu mwingine. Nimemwambia nina kazi nyumbani. “Kazi gani?” Nikamwambia, kuna farasi mtoni.

Cha pili hadi cha tisa utanisimulia tukilima. Usiruke hata kidogo, na useme walikula nini.

Nitashuka Sumbawanga wiki ya pili ya mwezi wa pili, majani yakiwa yamefika kiunoni. Jembe langu linolewe. Cha kumi kisifunguliwe.

Baba yako, niliyefika ukurasa wa mia moja na kumi